Bei ya Kusubiri

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, mjini Boston, Marekani, walitangaza hesabu ambayo tangu hapo haijaacha kunukuliwa. Dawa mpya moja, walisema, tangu inapokuwa wazo la wakemia hadi inapopewa kibali cha kuuzwa, inagharimu dola bilioni 2.6. Viwanda vya dawa viliipokea hesabu hiyo kwa furaha. Kila anapotokea mtu wa kulalamikia bei ya dawa ya saratani au ya homa ya ini, jibu liko tayari: utafiti ni ghali, na asiyetaka kuulipia asitarajie dawa mpya.

Wengi wetu huishia kwenye ile jumla, ama kwa kuiamini ama kwa kuikataa. Lakini ukiifungua hesabu yenyewe, ndani yake kuna jambo ambalo naliona zito kuliko jumla. Fedha zilizotoka mfukoni kweli, zikalipa wakemia, panya wa maabara, madaktari wa majaribio na hasara ya dawa nyingi zilizokufa njiani, ni takribani dola bilioni 1.4. Zile nyingine, karibu bilioni 1.2, hakulipwa mtu yeyote. Ni thamani ya kusubiri. Watafiti walisema hivi: fedha iliyoingizwa kwenye utafiti leo ingeweza kuwekwa mahali pengine ikazaa, na kwa kuwa dawa huchukua zaidi ya miaka 10 kufika sokoni, mwenye mtaji ahesabiwe faida aliyoikosa muda wote huo, kwa asilimia 10.5 kila mwaka.

Sisemi kwamba hesabu hiyo ni ya uongo. Wachumi huhesabu hivyo na wana sababu zao. Mkulima anayepanda minazi havuni mwakani. Ameliweka rehani kwa miaka ambayo angeweza kuvuna mihogo, na akidai kwamba miaka hiyo ina thamani, amesema kweli. Kinachonikalisha chini na kunifikirisha ni kwamba tumekubali kuwa kusubiri kwa fedha kuna bei, na bei yenyewe tumeipiga hadi kwenye nukta ya desimali. Mgonjwa naye husubiri. Kusubiri kwake kumeandikwa katika daftari gani?

Nauliza kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Unaenezwa na mbung'o, na watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wanaukumbuka tangu enzi za mababu: mwanzoni mwa karne iliyopita uliua zaidi ya watu 200,000 huko Busoga na visiwani, upande wa Uganda. Huanza kwa homa na maumivu ya viungo, mambo ambayo huku kwetu kila mtu angesema ni malaria. Baadaye vimelea huingia kwenye ubongo. Mgonjwa husinzia mchana kutwa na kukesha usiku, tabia yake hubadilika, huropoka, huwa mkali kwa watu aliokuwa akiwapenda, na mara nyingi ndugu humpeleka kwa mganga kabla ya hospitali kwa kuwa wanachokiona kinafanana na wazimu. Asipotibiwa, hufa.

Ukizifuatilia dawa za ugonjwa huu kwa miaka, unaona wazi utafiti ulikuwa unamtumikia nani. Mwaka 1906 Robert Koch, aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel, alipiga kambi visiwa vya Ssese akiwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye sumu ya arseniki. Baadhi yao walipofuka. Kampuni ya Kijerumani ya Bayer ikatoa suramini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ikaja pentamidini, kisha mwaka 1949 daktari Ernst Friedheim, mzaliwa wa Uswisi, akatangaza melarsoproli. Serikali za kikoloni zilihitaji vibarua wa mashamba na migodi wawe hai na wawe na nguvu, kwa hiyo fedha za maabara zilipatikana. Uhuru ulipokuja wagonjwa walikuwa bado wapo palepale, ila hapakuwa tena na mwenye maslahi makubwa katika uzima wao, na tangu melarsoproli, kwa takribani miaka 40, haikupatikana dawa mpya hata moja.

Melarsoproli yafaa kutazamwa kwa karibu. Ni arseniki iliyoyeyushwa katika kimiminika kinachoharibu plastiki. Kwa hiyo katika hospitali za vijijini za Kongo na kaskazini mwa Uganda, miaka mingi baada ya dunia kuzoea mabomba ya sindano ya kutumia mara moja na kutupa, wauguzi waliendelea kutunza mabomba ya kioo kwa ajili ya wagonjwa wa malale tu. Dawa huingizwa mshipani polepole, na sindano ikitoka kidogo nje ya mshipa, nyama ya mkono huungua. Wagonjwa walisema ni kama moto unaotembea ndani ya damu. Katika kila wagonjwa 20 waliodungwa, mmoja hivi aliuawa na dawa yenyewe. Muuguzi aliyeshika lile bomba alilijua hilo, na mgonjwa pia alilijua, maana wodi ndogo haifichi vifo. Waliendelea wote wawili kwa kuwa hapakuwa na kingine. Na katikati ya miaka ya 1990 hata moto huo ulianza kupoa: huko Omugo, wilayani Arua, karibu robo ya waliovumilia matibabu hayo hawakupona.

Dawa bora ilikuwa imeshapatikana. Maabara za kampuni ya Merrell ziliunda eflonithini zikiitarajia itibu saratani, nayo saratani haikuitikia. Mwaka 1980 Cyrus Bacchi na wenzake, mjini New York, walionyesha kwamba inaponya malale ndani ya panya. Miaka michache baadaye daktari Mbelgiji, Simon Van Nieuwenhove, aliitumia kwa wagonjwa wa kusini mwa Sudan, na watu waliokuwa wamezama katika usingizi wa mwisho waliamka. Ikaitwa dawa ya ufufuo. Marekani iliipa kibali mwaka 1990. Haikuwa dawa nyepesi kuitoa: dripu 56, moja kila baada ya saa 6, usiku na mchana, kwa wiki mbili, katika hospitali ambazo mara nyingi zina muuguzi mmoja wa zamu ya usiku na taa ya chemli. Lakini haikuwa arseniki. Mwaka 1995 utengenezaji wake ulisimamishwa. Walioihitaji hawakuwa na fedha za kuinunua.

Namwomba msomaji aiweke miaka hiyo sambamba. Dawa inasimama 1995. Mwaka 1998, kwa kuwa vita vilikuwa vimevunja huduma za uchunguzi vijijini, waliandikishwa karibu wagonjwa 40,000, na Shirika la Afya Duniani likakadiria kwamba wengine 300,000 hawakufikiwa kabisa. Akiba ya eflonithini ilikuwa inakwisha huku ugonjwa ukipanda. Kisha mwaka 2000 mamlaka ya Marekani ikaidhinisha eflonithini kwa mara nyingine, safari hii ikiwa krimu ya kupunguza nywele usoni mwa wanawake, kwa jina la Vaniqa, mradi wa Bristol-Myers Squibb na Gillette. Molekuli ni ileile. Sina neno na mwanamke anayesumbuliwa na nywele za kidevuni. Haja yake ni haja ya kweli, na ana haki ya kupata nafuu. Nasikitishwa na utaratibu uliomsikia yeye kwa sababu ana pochi, ukashindwa kumsikia mgonjwa wa Arua aliyekuwa akiomba kitu kilekile ili asife.

Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani walipiga kelele hadi zikasikika. Mei 2001 kampuni ya Aventis, iliyoirithi Merrell kwa njia ndefu ya miungano, ilikubali kuitengeneza tena dawa hiyo na kutoa dola milioni 25 kwa miaka 5 kwa ajili ya vita dhidi ya malale. Ni jambo la heri na lilifanyika. Tangu 1995 hadi 2001 ni miaka 6. Kwa kanuni ya wale wachumi wa Tufts, shilingi 100 iliyosubiri miaka 6 huhesabiwa kuwa shilingi 182. Mama wa Kongo aliyeugua mwaka 1996 alisubiri miaka hiyohiyo, kama aliweza kuimaliza, na hakuna aliyeongeza hata senti moja upande wake.

Wala malale si kisa cha peke yake. Watafiti wakiongozwa na Patrice Trouiller walihesabu dawa zote mpya zilizoingia sokoni duniani kati ya 1975 na 1999. Zilikuwa 1,393. Zilizokuwa kwa ajili ya magonjwa ya nchi za joto na kifua kikuu zilikuwa 16.

Wenye viwanda wana hoja ambazo nisingependa kuzipita kwa haraka. Katika dawa 10 zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, karibu 9 hushindwa, na zinaposhindwa mishahara imeshalipwa na miaka imeshapita. Hakuna serikali ya Afrika Mashariki iliyo tayari kuchoma fedha ya umma kwenye miradi 9 ili uishi mmoja. Kampuni zinachoma, na kutokana na ujasiri huo tumepata dawa zinazowaweka hai jamaa zetu wenye VVU, kisukari na shinikizo la damu. Ila wanapotuambia tuheshimu gharama, nasi tuna haki ya kuziona. Hesabu ya Tufts ilijengwa juu ya taarifa ambazo kampuni zilizitoa kwa siri. Mwaka 2020 Olivier Wouters na wenzake walitumia taarifa zilizo wazi, wakapata kiwango cha kati cha dola milioni 985 kwa dawa moja, chini ya nusu ya ile ya mwanzo, na kusubiri kwa fedha kukiwa kumehesabiwa humo. Utafiti mwingine ulionyesha kwamba dawa zote 210 zilizoidhinishwa Marekani kati ya 2010 na 2016 zilitegemea kwa namna fulani sayansi iliyolipiwa na kodi ya wananchi wa nchi hiyo. Mei 2019 Italia iliongoza azimio katika Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mjini Geneva, likitaka gharama na bei ziwekwe hadharani. Lilipita, lakini kipengele cha kuzitaka kampuni zifichue gharama za utafiti kilikuwa kimepunguzwa makali hadi kikabaki ombi, na hata hivyo Uingereza, Ujerumani na Hungaria zilijitenga nalo.

Kuna mahali pengine ambapo muda unauzwa waziwazi. Tangu 2007 sheria ya Marekani inampa zawadi anayefanikisha dawa ya ugonjwa wa nchi za joto uliopuuzwa: cheti kinachomruhusu kuharakishiwa ukaguzi wa dawa nyingine yoyote, kwa kiasi cha miezi minne hivi. Baadaye vyeti hivyo vikaongezwa kwa magonjwa adimu ya watoto. Vinauzika. Mwaka 2015 kampuni ya AbbVie ilinunua kimoja kwa dola milioni 350. Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilirudia sentensi nikidhani nimekosea sifuri. Miezi minne ya kutokusubiri, milioni 350. Kumbe dunia inajua vizuri sana kupima muda. Inachagua tu muda wa nani.

Turudi kwenye malale. Fedha ya Tuzo ya Nobel ya Amani ambayo Madaktari Wasio na Mipaka walipewa mwaka 1999 ndiyo iliyosaidia kuanzisha, mwaka 2003, shirika la DNDi, lisilotafuta faida, kwa ajili ya dawa za magonjwa yaliyopuuzwa. Miongoni mwa waasisi wake ni KEMRI, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya. Mwaka 2005 shirika hilo, likishirikiana na Taasisi ya Uswisi ya Nchi za Joto, lilianza kupekua mamia ya kemikali za zamani zilizoachwa na wenyewe, na humo likaiokota feksinidazoli. Kampuni ya Hoechst ya Ujerumani ilikuwa imeiunda miaka ya 1970, na mwaka 1983 watafiti wa Glasgow walikuwa wameshaonyesha kwamba inatibu malale kwa panya, hata iliyoingia kwenye ubongo. Kampuni iliiacha. Kwa zaidi ya miaka 20, wakati watu wanadungwa arseniki, tiba ya vidonge ilikuwa imekaa kwenye majalada. Haikuwa imefichwa, matokeo yalichapishwa. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuuliza.

Majaribio makubwa yalianza mwaka 2012, mengi yakiwa Kongo, yakisimamiwa na daktari wa Kikongo, Victor Kande. Waliojitolea walikuwa wagonjwa 394 ambao malale ilikuwa imeshafika kwenye ubongo. Hapa ndipo penye matumizi ambayo hayaonekani katika hesabu yoyote niliyowahi kuiona. Ili kujua kama vimelea vimekwisha, mgonjwa hukunjwa mgongo, sindano ikapenyezwa kati ya pingili, na maji ya uti wa mgongo yakavutwa. Anafanyiwa hivyo mwanzoni, na tena baada ya matibabu, na tena katika miezi inayofuata, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Ameshapona, ana shamba lake la kulima na watoto wa kulisha, lakini inampasa arudi kituoni, wengine kwa safari ndefu za miguu na mitumbwi, akachomwe tena mgongo ili sayansi iwe na hakika. Ni malipo ya maumivu na ya siku za kazi, yakitolewa na mtu asiye na hisa, kwa ajili ya mgonjwa ajaye ambaye hamjui. Mimi nauita mtaji, na nadhani mwenye duka yeyote angeuita hivyo.

Matokeo yalitoka mwaka 2017. Feksinidazoli ilifaulu kwa asilimia 91, wakati tiba ya dripu iliyokuwa ikitumika wakati huo ilifaulu kwa 98. Ni pungufu kidogo, na watafiti hawakulificha. Lakini inaweza kumezwa nyumbani kwa siku 10, baada ya chakula, bila kitanda cha hospitali, na muuguzi wa zahanati anaweza kuisimamia. Gharama ya kazi yote, kwa maelezo ya DNDi, ilikuwa takribani euro milioni 55. Si haki kuziweka milioni hizo ubavuni mwa dola bilioni 2.6 na kudai kwamba kampuni zote ni za wezi: kemikali ilikuwa imeshaundwa na wengine, waliojaribiwa hawakuwa maelfu, na kusubiri kwa fedha hakukutozwa kitu. Hilo la mwisho ndilo ninalolishikilia. Fedha ilipatikana ambayo wenye nayo, serikali na wahisani, waliitoa bila kudai asilimia 10.5, na dawa ikapatikana. Anayetengeneza vidonge ni Sanofi, kampuni iliyoirithi ileile Hoechst, na inavitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Bila kiwanda chake na wataalamu wake visingekuwapo. Mwaka 2018 vilipopata idhini ya Ulaya, wagonjwa walioandikishwa duniani walikuwa wameshapungua hadi chini ya 1,000.

Lakini malale ziko za aina mbili, na ile ya Kongo siyo ya kwetu. Hii inayopatikana Tanzania, Malawi, Zambia na mashariki mwa Uganda huua haraka zaidi, na wagonjwa wake ni wachache mno hata kwa shirika lisilotafuta faida. Kwa aina hii, mgonjwa aliyeingiliwa kwenye ubongo hakuwa na dawa nyingine ila melarsoproli. Jaribio la feksinidazoli lilifanyika Lwala, Uganda, na Rumphi, Malawi, na waliopatikana walikuwa 45. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani ulitoka Juni 2024. Kwa hiyo mchungaji wa ng'ombe au askari wa wanyamapori wa upande wetu alikaa na arseniki ya mwaka 1949 kwa miaka 75. Ujinga wa kisayansi unaeleza sehemu ya miaka hiyo. Inayobaki iliamuliwa na watu, kwenye vikao, kwa kutazama soko.

Ndiyo maana naona tunapoteza muda mwingi tukibishana kama dawa moja inagharimu bilioni mbili au moja, na muda mchache mno tukiuliza mahali ambapo sauti yetu inasikika. Hakuna jaribio la dawa linalofanyika Ifakara, Kilifi au Lwala bila kibali cha kamati ya maadili ya nchi. Kamati hizo huchunguza kwa makini kama mshiriki ameelewa fomu aliyoitia dole gumba, kama atalipwa nauli, kama atatibiwa akidhurika. Tamko la Helsinki, lile la maadili ya utafiti kwa binadamu, linataka pia ipangwe mapema namna washiriki watakavyoipata dawa ikifaulu. Nadhani kamati zina uwezo wa kwenda hatua moja mbele, zikamtaka mwombaji aandike kabla ya mgonjwa wa kwanza kuchomwa: kama dawa itafaa lakini haitaleta faida, nani ataendelea kuitengeneza, kwa miaka mingapi, na kama ataamua kuiacha, atamkabidhi nani fomula na ruhusa ya kuiendeleza, na ndani ya miezi mingapi. Mwaka 1995 swali hilo halikuwa na mtu wa kulijibu kwa sababu hapakuwa na karatasi ambamo liliandikwa. Leo vidonge vya akoziboroli, dozi ya mara moja tu iliyojaribiwa Kongo na Guinea na matokeo yake kutolewa mwaka 2022, vinakaribia kuchukua nafasi ya feksinidazoli, na ugonjwa wenyewe unazidi kupungua. Soko lake, ambalo halikuwa kubwa, litakuwa dogo zaidi. Karatasi hiyo inahitajika sasa, wakati bado kuna wagonjwa wa kuiombea.